Mtawa wa Penseli

Machi 2019, jioni, Mzee Mussa, mtu wa Tanga anayeuza vitu vya mtumba, aliingia karakana yangu ya fremu hapa Doornfontein. Alibeba picha ya penseli: mtawa, kitambaa kimembana uso, mikono kifuani. Nyuma iliandikwa 1871.

"Msafishe, fundi Ruphin. Mnunuzi yuko Randburg, anamtaka kesho."

Mchoro wa penseli husafishwa kwa kiini cha mkate mweupe. Unakifinyanga, unagusa taratibu, uchafu unanasa. Binti yangu Carmel alikaa chini ya meza akitafuna maganda ya mkate, tukimsubiri mama yake atoke saluni.

Kwenye vidole gumba vya mtawa palikuwa na mstari mwembamba. Uchafu, nikadhani. Nikaufuta.

Ulipokuwa unaishia ndipo nikaona ulichorwa kwa makusudi. Ulikuwa uzi. Umezungushwa gumba kwa gumba, vile anavyofungwa maiti.

Umeme ukakatika. Ulikuwa mgawo, na kukata ndilo jambo pekee wanalolifanya kwa wakati.

Giza.

Krrr... krrr...

Penseli juu ya karatasi. Kisha harufu ya nta, na ya chumba kisichofunguliwa miaka.

"Carmel?"

"Izandla zakhe ziyabanda, Papa," alinong'ona.

Kizulu changu ni cha kununulia nyanya, lakini hicho nilikielewa. Mikono yake ni ya baridi.

Ya nani?

Niliwasha taa ya simu. Carmel alikuwa peke yake, mkono mmoja kaunyoosha, kama mtoto anayevushwa barabara. Nikamvuta kwangu.

Kitu kikamvuta kwake.

Halafu kikaachia.

Mezani, kwenye picha, mikono ya kanzu ya mtawa ilikuwa mitupu, haina viganja.

"Masista walioniuzia walisema asisafishwe," Mussa alikiri kwenye simu.

"Na ukanyamaza, mzee?"

"Ningekwambia, ungekataa kazi."

Kwa nini alifungwa uzi, hawakumwambia.

Polisi waliniuliza anwani ya mtuhumiwa. Kwenye kifundo cha mkono wa Carmel kulikuwa na alama tano za kijivu, zinang'aa kama penseli; sabuni haizitoi. Kliniki waliandika choa, wakatupa dawa ya kupaka.

Denise, mama yake, alisali mpaka alfajiri. Kulipokucha, alama zilikuwa kwenye kiwiko.

Leo ziko begani. Na upande wa pili wa shingo, zimeanza za mkono mwingine.