Uzi wa Tatu

Uzi wa tatu ndio hukatika kwanza. Naanza na hilo ili baadaye msiniulize maswali ya kipuuzi.

Gitaa ninalopiga mimi halibebwi kifuani. Linasimama kama meza, lina miguu minne na nyuzi kumi. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, vidole vya kulia vinachuna, na miguu inakanyaga pedali ambazo zinauvuta uzi mpaka sauti inapanda. Linalia kama mtu. Mmishenari aliliacha kanisani kwetu Nyahanga alipoondoka. Wanaume wa kwaya walilizunguka mwaka mzima wakilipiga picha, mpaka nilipolikalia mimi, Apolonia, mwenye mdomo. Ndivyo wanavyoniita. Waniite tu.

Sasa huo uzi wa tatu ni mwembamba kuliko wenzake, halafu ndio pedali zinauvuta kila mara. Unadumu miezi mitatu. Ukiutunza sana, minne.

Jumamosi ile ulikatika katikati ya mazoezi, na kesho yake tulikuwa tunazindua jengo jipya la kanisa. Nikajaribu waya wa breki ya baiskeli. Aibu tupu! Ulikwaruza kama sufuria inayosuguliwa na mchanga.

"Mwanza huwezi kwenda ukarudi leo," alisema Mwalimu Charles, kiongozi wetu wa kwaya. "Nenda Bugarama. Kuna mzee ana kontena nyuma ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe. Marehemu Nkwabi ndiko alikokupatia zile nyuzi za kwanza. Aliniambia mwenyewe."

Nkwabi alikuwa mdogo wangu. Alikuwa anachimba dhahabu Bugarama, na sauti yake ya kuimba haijapatikana tena hapa kwetu. Alikuwa na kasoro moja tu: kila noti aliianzia chini kidogo, halafu anaipandisha taratibu mpaka inakaa mahali pake. Mwalimu Charles alimgombeza mpaka akachoka. Miaka mitatu iliyopita nilimsumbua anitafutie nyuzi, nikamsumbua kweli kweli, akaniletea. Wiki mbili baadaye duara, lile shimo walilokuwa wanachimba, likaporomoka. Wenzake wanne walitolewa. Yeye hakuonekana. Tulizika shati lake.

Nilipitia nyumbani kumuaga mama. Alikuwa anapeta mchele.

"Jua likizama ukaitwa na mtu usiyemwona, usiitike," akasema.

"Mama, nina miaka thelathini na nane."

"Hata uwe na themanini. Usiitike."

Amenifundisha hivyo tangu nikiwa natambaa, mimi na Nkwabi. Nikamwambia sawa mama, nimesikia, nikaondoka zangu.

Gari liliharibika njiani, kwa hiyo nilifika Bugarama jua linazama, na wingu zito limeshuka. Makarasha yalikuwa yanasaga mawe, kelele mpaka meno yanacheza. Kontena nililiona kwa nyuma, limepakwa rangi ya kijani, mlango wazi nusu. Ndani inawaka taa ya chemli. Siku hizi nani anawasha chemli?

Nikaingia.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia imemfunika macho, mikono yake ina vumbi jeupe la mawe. Nikadhani kelele zimemzidi. Nikarudia kwa nguvu, "Shikamoo!"

Kofia haikutikisika.

Nikakasirika. Mtu mzima haachi shikamoo ikining'inia hivyo. Lakini nilihitaji uzi, nikameza hasira.

"Natafuta uzi wa gitaa la kulaza. Wa tatu. Unene namba kumi na moja."

Akainuka. Upepo ukaja, mlango ukajibamiza nyuma yangu. Paa!

Na makarasha yakanyamaza. Yote. Kwa pamoja.

Ndipo nikasikia harufu. Udongo mbichi... udongo wa chini kabisa, ule wanaopanda nao wachimbaji kwenye nguo. Nkwabi alikuwa anarudi nyumbani na harufu ile.

Nikasukuma mlango. Haukutikisika. Nikaupiga bega mara tatu. Bega likauma, mlango ukabaki palepale.

"Fungua, mzee."

"Ukishachagua," akanong'ona. "Ukichagua, unafunguka."

Ukutani kulikuwa na misumari, na kwenye kila msumari umening'inia uzi mmoja, umefungwa kipande cha kitambaa. Kanga. Kitenge. Mfuko wa suruali. Kulikuwa na misumari mingi, sikuweza kuona mwisho wake, na kontena lile kwa nje lilikuwa fupi.

Alishusha uzi mmoja, akaukaza kwenye ubao, akauchuna kwa ukucha.

Mwanamke akaguna.

Naapa. Haikuwa noti. Ni mwanamke, anaguna vile mama anavyoguna akibembeleza mtoto. Akaukaza wa pili, nao ukakohoa kikohozi cha mzee. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa bati. Nililia, sioni aibu kusema. Nilimwomba anifungulie, nikamwita baba, nikamwita babu. Akawa ananitazama tu kama mtu anayesubiri mteja aache kuomba kupunguziwa bei.

Kisha akafungua droo. Akatoa kipakiti kipya cha karatasi, kimeandikwa namba kumi na moja. Ndicho hasa nilichofuata.

"Huu hauna mtu," akasema.

Akakiweka mezani. Nikanyoosha mkono haraka. Wallahi nilinyoosha, mimi Mkristo naapa kama jirani zangu.

Lakini akashusha na uzi mwingine. Kitambaa chake kilikuwa cha bluu, cha mistari. Shati moja la Nkwabi tulilizika, na hili la bluu ndilo alilokuwa amevaa siku duara lilipoporomoka. Nililishona mwenyewe.

Akauchuna mara moja.

Sauti ikaanzia chini kidogo... ikapanda... taratibu... ikakaa mahali pake.

Hapakuwa na pedali pale. Hakuna mtu aliyeuvuta ule uzi.

"Umempata wapi?" Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

"Alifuata nyuzi za dada yake. Wiki mbili baadaye akaitwa, chini duarani. Akaitika." Akasogeza vitu vyote viwili mbele yangu, kipakiti na uzi. "Ni mmoja tu. Chagua."

Kumbe alikuja kwa ajili yangu. Kumbe ni mimi niliyemtuma, na kelele zangu. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani, na kipakiti kile kilikuwa karibu, kidogo, safi, hakina mtu. Kila mwenye akili angekichukua.

Nikachukua uzi wa Nkwabi.

Mlango ukafunguka wenyewe. Makarasha yakaanza tena kusaga. Nilitoka mbio, kiatu kimoja nikakiacha. Nilipogeuka pale barabarani, kontena lilikuwepo, na mlango una kufuli lenye kutu ya miaka.

Nilifika nyumbani saa za chakula cha usiku. Mama alikuwa ameniwekea ugali na mlenda. Sikumwambia kitu. Niliuweka uzi ndani ya kopo la majani ya chai, nikalifunga kwa nguvu, nikaenda bafuni uani kuoga ule udongo uniondoke.

Maji ya kwanza tu, nikasikia.

"Dada Apo..."

Ilianzia chini kidogo. Ikapanda.

Nikashika ukuta. Nikachukua kanga, nikaijaza mdomoni, nikaing'ata.

"Dada Apo... niitikie..."

Alikuwa mdogo wangu! Nilimbeba mgongoni mimi. Machozi yalinitoka, nikaing'ata kanga mpaka fizi zikatoa damu. Sikuitika. Nilisema moyoni, ataita mara ya tatu atachoka, kesho nitampeleka kwa mchungaji, nitafanya kitu, nitajua la kufanya.

Akaita mara ya tatu.

Na kutoka sebuleni nikasikia kiti kinasogezwa. Nikasikia mfuniko wa kopo.

"Dada yako anaoga," mama akasema, kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. "Naam, mwanangu. Nipo mimi."

Nilikimbia nikiwa na kanga tu. Nilimkuta amekaa, kopo mapajani, ananitazama. Akafungua mdomo aniambie kitu.

Hakikutoka kitu.

Uzinduzi ulipita bila mimi. Hospitali walimpima koo, wakasema zima kabisa. Mchungaji alimwombea siku tatu. Mama hasemi, na usipomshika mkono hainuki. Chakula anakitazama tu. Siku ya nne, kwa kuishiwa akili, nikaufunga ule uzi kwenye gitaa nikaupiga. Noti ikaanzia chini, ikapanda. Halafu juu yake ikaja ya pili, nyembamba, ya kike. Mama akageuza kichwa. Akatabasamu. Akala.

Sasa gitaa nimelihamishia nyumbani. Mwalimu Charles amelalamika, amekuja na wazee wa kanisa, nimewatimua. Kila jioni lazima nipige, nisipopiga mama hali. Sisafiri mbali. Harusi siendi, msiba siendi. Mkono ukiuma napiga, homa ikinipata napiga, na mama amekaa pembeni, midomo inacheza, anaimba na mwanawe.

Nilirudi Bugarama mara mbili, mchana kweupe, kutafuta kile kipakiti kisicho na mtu. Nyuma ya makarasha pana kifusi tu. Wachimbaji waliniambia hapajawahi kuwa na kontena.

Uzi huu naufuta kwa kitambaa laini kila nikimaliza. Pedali nazikanyaga polepole. Niliufunga mwezi wa tano, na leo tumeingia wa tisa. Asubuhi hii nimepitisha ukucha pale unapopinda, karibu na kiungio, nikaona umeanza kukwaruza.

Mama amenitazama nikifanya hivyo. Halafu akanyoosha mkono wake taratibu, akaufunika wangu, akatikisa kichwa. Sijui ananikataza kuugusa au kuupiga.

Jua linazama. Inabidi nikae nipige.