Saa Isiyoshika Kutu

Lori la Tunduma lilipofika Sumbawanga, abiria waliruka na mizigo yao, na mmoja akamkanyaga Bertilla kidole cha mguu. Bertilla, binti wa kijiji cha Kasense, alikuwa ameketi sokoni na kikapu chake cha ulezi, amevaa gauni la maua mekundu alilolishona mwenyewe. Aliinua uso amtukane mtu, akamkuta kijana mrefu mwenye koti la askari wa Keya, jeshi la Waingereza.

"Samahani, dada. Vita vya Burma vimenisahaulisha kutembea kati ya watu."

"Na macho uliyaacha hukohuko?"

Halfani, mtoto wa wenye duka la nguo, alicheka. Tangu hapo hakukosa siku ya soko.

Mkononi alivaa saa ya chuma kisichoshika kutu. Namba zake zilipakwa rangi mpya ya Wazungu inayong'aa gizani. Siku moja, nyuma ya duka, alilifungua koti wakaingiza vichwa wote wawili humo, wazione zikiwaka kijani. Bertilla alisikia harufu ya sabuni shingoni mwake, na namba akazisahau.

"Saa ngapi?" alinong'ona.

"Saa ya kwenda kumwona babu yako, mpenzi."

Babu Kasimiri alikuwa amefua majembe ujanani. Mposaji Mwislamu hakumfurahisha, lakini saa ilimvutia. Aliigeuzageuza, akaikwaruza kwa ukucha, akailamba kidogo kama alivyozoea kupima chuma.

"Haina doa hata moja la kutu. Uliinunua wapi, mwanangu?"

"Sikuinunua, Babu. Niliivua kwa Mjapani." Halfani alitabasamu. "Alikuwa amekufa siku nyingi, mkono umevimba, mkanda umezama. Nilitumia kisu. Ngozi ilitoka pamoja nao, kama soksi."

Babu alitema mate nje ya mlango, akatema tena na tena. Bertilla alikuwa akipakua ugali. Aliutazama mkono wa Halfani uliokuwa ukimega tonge, mkono uleule uliokuwa ukimshika kiuno, akakimbilia nyuma ya nyumba, akatapika.

"Mpenzi, umeugua?" Halfani alimfuata.

"Usiniguse. Unanuka."

"Nimeoga asubuhi."

"Basi hukutakata. Ondoka."

Wiki zikapita. Bertilla alijisugua kiuno kwa dodoki mpaka kikachubuka. Kilichomchukiza zaidi ni kwamba bado alimtamani.

Kisha Halfani akaja Kasense kwa miguu, akamkuta uani akipepeta ulezi. Mkono wake ulikuwa mtupu.

"Nimeiuza. Kuna bwana mmoja wa serikali anakusanya saa. Anazo kwenye kasha la mahameli, anazifuta kama watoto wachanga."

"Ulimwambia ilikotoka?"

"Nilimwambia, ili aikatae."

"Akaikataa?"

"Akaitaka zaidi. Akainusa mgongoni, akacheka, akaniuliza kama nilimkata yule Mjapani na vidole pia. Akaniita mwenzake. Nami nikacheka naye, Bertilla. Nilipotoka nje nikakisikia kicheko changu mwenyewe. Tangu hapo chakula hakipiti."

Bertilla hakumhurumia. Alihisi kinyaa kilekile kikimpanda kooni, kwa yule bwana na kasha lake, na kwa huyu aliyesimama mbele yake. Lakini safari hii hakikuwa chake peke yake. Alikiona usoni kwa Halfani, midomo imekauka, viganja vimefichwa mifukoni kama vya mwizi.

"Nenda ukaoe huko mjini," alisema. "Wapo wengi wasiojua."

"Nimewaona. Sitaki asiyejua. Nikimwoa huyo nitacheka tena siku moja, na hatakuwapo wa kunitapikia."

Bertilla aliendelea kupepeta, makapi yakimrukia Halfani viatuni. Kijana hakusogea.

"Sijakubali," Bertilla alisema hatimaye.

"Najua."

"Na Babu hatakubali upesi."

"Najua."

Akausogeza ungo kando, akampa nafasi ya kukaa.