Oveni ya Hamira na Umeme wa Alfajiri

Kila alfajiri nyumba ile ya ghorofa tatu iliamka kwa kelele za maji. Wapangaji wa fleti nne kati ya sita walifanya kazi kiwanda kimoja, zamu moja, na basi la kiwanda liliwapitia getini saa kumi na mbili. Kwa hiyo walioga pamoja, wakachemsha chai pamoja, na mara nyingi wakakaa gizani pamoja, kwa sababu swichi kuu ilijizima. Hapo mama mwenye nyumba alishuka ngazi na tochi, akaiwasha tena, akapanda akinung'unika. Walishazoea.

Ndipo oveni ilipofika.

Ilikuwa ya binti yake. Watu walimwita Hamira, maana akifurahi hatulii, anaumuka tu. Miaka yote alioka kwa jiko la mkaa, akiota siku ya kuwa na oveni kubwa ya umeme. Sasa ilikuwa mbele yake, inang'aa, ndani ya stoo ya chini iliyopakwa rangi upya. Aliufungua mlango wake, akaufunga, akaufungua tena.

"Utaung'oa," mama yake alimwambia, lakini naye alikuwa anacheka.

Mpango ulikuwa rahisi. Mikate iive kabla basi halijafika. Wapangaji wale waliondoka na chai tupu tumboni, kwa hiyo wangenunua, na wenzao ndani ya basi wangenunua pia. Kichwani mwa Hamira foleni ilishajipanga.

Alfajiri iliyofuata akawasha oveni. Mikate ikaanza kupanda. Juu, maji yakaanza kumwagika. Tak. Giza nyumba nzima. Mama akairudisha swichi, ikajizima tena, na tena. Basi likaja, likaondoka, na mikate ikabaki mibichi katikati. Hamira aliketi juu ya ndoo ya unga akalia.

Jioni mjomba wake akaja. Mjomba alijua kila kitu, na asichokijua alikifanya hivyo hivyo.

"Tatizo dogo hili, mpwa wangu," alisema. "Swichi yenu ni ya ampea sitini tu. Nimekuletea ya mia." Akatoa bisibisi mfukoni.

"Shikamoo, mjomba. Hiyo bisibisi naomba irudi mfukoni kwanza."

Aliyesema alikuwa mpangaji wa ghorofa ya juu, mwanamke fundi umeme wa majengo. Alikuwa amehamia juzi tu, na kofia yake ngumu ya kazi ilikuwa bado kwapani.

"Marahaba," mjomba alijibu. "Mbona unanitisha?"

Fundi alizima umeme wote, akahakikisha umekatika, akafungua kifuniko cha swichi kuu. Ganda la waya lilikuwa limekauka na kubadilika rangi.

"Waya huu umeshaanza kuungua," alisema. "Swichi inajizima ili kuulinda. Ukiweka ya mia, haitajizima. Waya utawaka ndani ya ukuta, na watu wamo ndani."

Mjomba aliirudisha swichi yake kwenye mfuko polepole, kana kwamba haikuwa yake.

"Kwa hiyo niiuze oveni yangu?" Hamira aliuliza.

"Nani kasema uuze? Tupige hesabu. Lete lile boksi lililokuja na oveni, na kalamu ya wino mzito."

Walilitandaza boksi sakafuni. Fundi akaeleza kwamba kila kifaa cha umeme kina kibandiko, na juu yake zimeandikwa wati, yaani nguvu kinayokula. Hamira hakungoja zaidi. Alipanda ngazi mbio, akabisha hodi kila mlango, akachungulia nyuma ya mabirika na friji, huku akipiga kelele za namba. Chini, mjomba aliandika kwa bidii ya mtu anayetaka kusamehewa.

Kila fleti ilikuwa na hita ya bafu, wati 3,500. Birika, 2,000. Pasi, 1,000. Friji, taa na televisheni, kama 500. Jumla 7,000. Mara fleti sita, 42,000. Oveni, 6,000. Pampu ya maji, 1,000.

"Elfu arobaini na tisa," mjomba alisoma, kisha akakaa chini. "Hapa tujenge bwawa letu wenyewe la umeme."

"Taratibu, mjomba. Hivi wewe unapiga pasi huku unaoga? Watu hawawashi vyote kwa wakati mmoja, ndiyo maana mafundi hupunguza hiyo jumla. Kwa nyumba kama hii ningechukua theluthi yake."

"Hapana, mwanangu," mama mwenye nyumba alisema. "Kwangu hapa utakosea. Hawa wanaoga kwa pamoja kama jeshi. Basi lao ni moja."

Fundi alimtazama, kisha akatabasamu. "Asante, mama. Hilo sikulijua, na lingetuponza. Basi tuhesabu ile saa mbaya kuliko zote."

Saa ile, kila fleti ya watu wa kiwandani ilitumia hita, birika, friji na taa: wati 6,000. Mara nne, 24,000. Fleti nyingine mbili, ya mama na ya fundi, 1,000 kila moja. Ongeza oveni na pampu. Jumla 33,000. Fundi akagawanya kwa volti 230 za umeme wa nyumbani, akapata ampea 143.

"Hata ya mia isingetosha," mjomba alisema kwa sauti ndogo.

"Isingetosha. Dawa ni umeme wa fezi tatu. Badala ya waya mmoja wa moto, ule unaoleta umeme, zinaingia nyaya tatu, zigawane mzigo." Fundi alichora mistari mitatu kwenye boksi. "Fleti mbili za kiwandani hapa. Ya tatu na oveni hapa. Ya nne, fleti zetu mbili na pampu hapa. Waya uliobeba zaidi una wati 12,000, yaani ampea 52. Tunaweka swichi ya 63 na nyaya nene zinazolingana nayo. Nafasi kidogo inabaki kwa ajili ya kesho."

Hamira alimkumbatia, kofia ikaanguka.

Mama alipeleka maombi ofisi ya umeme pamoja na hesabu ile. Fundi alibadilisha waya ulioungua, na Hamira akawa anaoka mchana, wapangaji wakiwa kazini. Mwishowe laini mpya ikavutwa.

Alfajiri iliyofuata Hamira aliwasha oveni, akasimama mbele ya kioo cha mlango wake. Juu, bafu la kwanza likafunguliwa. La pili. La tatu. La nne. Mabirika yakaanza kuvuma. Taa haikufifia. Mikate ilipanda, ikaiva, na harufu yake ikatangulia kupanda ngazi.

Basi lilipiga honi getini. Hakutoka mtu. Likapiga tena. Dereva akashuka amekasirika, akaingia uani kuwatafuta abiria wake. Aliwakuta wamejipanga mlangoni mwa stoo, nywele bado zimelowa.

"Tumechelewa," aliwaambia.

Hamira alimpa mkate wa moto. Dereva alitafuna, akatafakari kidogo, kisha akaenda kusimama mwisho wa foleni.