Vipanya wa Kizimba cha Kumi na Saba

Saa tisa alasiri giza lilishaingia Oulu, kaskazini mwa Finland, nilipoteremsha toroli la chupa za maji. Chumba cha vipanya wa utafiti kina taa nyekundu tu. Usiku wao tunautengeneza mchana ili tuwaone wakiwa macho. Nakipenda chumba kile. Hakuna anayeniuliza ninaishi na nani.

Siishi na mtu. Jioni zingine najikuta nimesimama, paji la uso ukutani, saa nzima imepita. Marehemu mama alikuwa hivyohivyo, nikaamini nilimwiga. Ndiyo maana nilimwachia mke wangu Mirkka nyumba binti yetu Saimi akiwa na miezi mitatu, asije akaniiga. Miaka minne sasa, na upweke unaniua.

Vipanya wa kizimba cha kumi na saba wametoka ukoo wenye tabia hiyohiyo. Tuliwatoa kwa mama yao siku waliyozaliwa, tukampa mama mtulivu wa ukoo mwingine awanyonyeshe. Wakikua watulivu, basi tabia hii huigwa, hairithiwi, na mwanangu kapona.

Nilisukuma mlango.

Kimya…

Hakuna kukwaruza, hakuna kutafuna. Kulinuka udongo mbichi, na huko nje ardhi yote ni barafu.

Wote sita walikuwa wamesimama, pua zimeelekea ukuta mmoja. Mama aliyewanyonyesha alijibanza pembeni, akitetemeka.

"Kumbe ni damu," alinong'ona Daktari Kerttu, bosi wangu, nyuma yangu. "Kemikali za ubongo, Tarmo. Wamerithi. Usikunje sura hivyo bwana, panya tu hao."

"Mbona hata wa vizimba vingine vya ukoo huu wameelekea ukuta huohuo?"

"Wewe andika saa." Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Nilitoka nikampigia Mirkka.

"Afadhali umepiga," alisema kwa sauti ya chini. "Saimi kasimama ukutani. Nani kamfundisha?"

"Mwite."

"Nimemwita. Ananiambia ninyamaze, anaongea na bibi."

"Mama yako?"

"Mama yangu huyu hapa jikoni, Tarmo! Anasema bibi anauliza baba anakaa wapi."

Mama yangu alikufa Saimi hajazaliwa.

"Mwambie Saimi amwelekeze bibi," nilisema. "Ghorofa ya tatu, mlango sitaufunga. Aje kwangu, amwache mtoto."

Nilisikia Mirkka akinong'ona. Kisha nyayo ndogo sakafuni.

"Ametoka ukutani," alisema, akilia. "Anataka maziwa."

Sasa niko nyumbani. Nimeweka vikombe viwili vya kahawa mezani. Ninaogopa mno, lakini tangu nihamie hapa sijawahi kupata mgeni.