Kadi ya Marehemu Po-jui

Jioni ile nilitoka nyumbani kwenda kuchagua kadi ya picha. Nilirudi nimeposwa. Na aliyenipeleka kwa mposaji alikuwa rafiki yangu wa miaka kumi na mmoja.

Nianze na kadi yenyewe, maana watu wakisikia habari za wafu huwahi kutetemeka wakasahau kuuliza maswali. Kazi yangu ni kutengeneza picha za filamu kwa kompyuta: moshi, mawimbi, manyoya ya farasi. Kadi yangu ya zamani, kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachochora picha, ilikuwa imezeeka, imeanza kuchora farasi wenye miguu mitano. Katika soko la Guanghua nilipata nyingine iliyotumika, na muuzaji akaniruhusu kuijaribu siku tatu. Rafiki yangu huyo, Chieh, aliposikia akanipigia simu.

“Usinunue kwanza, shoga. Ilinganishe na ya kaka. Aina ileile, kiwanda kilekile. Mama anataka itoke humu ndani.”

Kaka yake, Po-jui, alikufa kwa ajali ya pikipiki mwaka uliotangulia. Umri miaka thelathini na minne, hana mke. Sisi wapenzi wa kukimbiza kadi tulimjua wote hapa Taipei. Kukimbiza ni kuilazimisha kadi iende kasi kuliko kiwanda kilivyoiruhusu, unaongeza kidogokidogo mpaka izimike, kisha unarudi hatua moja. Kadi mbili za aina moja hazilingani hata siku moja, kama watoto wa tumbo moja. Moja inachoka mapema, nyingine ina pumzi. Kwa hiyo maandishi ya kwenye boksi hatuyajali. Tunazilaza mezani, tunazikimbiza, na yenye pumzi ndiyo tunanunua.

Nilifika kwao Wanhua jua linazama, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya sita. Mama yake alikuwa jikoni. Nilimsalimu, akaitikia bila kugeuka. Akacheka kidogo, nikadhani ni furaha.

Chumba cha Po-jui kilikuwa kama alivyokiacha. Mezani, kompyuta isiyo na kasha, nyaya nje nje, na juu yake pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi. Huku kwetu mashine isiyowekewa pakiti hiyo inasemekana hukosa adabu. Hospitalini wanaweka, benki wanaweka.

“Usiiangalie hivyo, msomi,” Chieh alisema. “Na kabla hujauliza, haijaisha muda. Nimeinunua leo.”

Tulianza na kadi ya sokoni. Ilikwenda vizuri, ikapanda, kasi ikafika megahezi elfu mbili na mia nane. Joto nyuzi sabini na nne. Skrini ikawa nyeusi.

“Ina adabu nzuri, akili ya wastani,” nikasema.

“Kama mume.”

Tulicheka. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu ndicho cha mwisho.

Tukafunga kadi ya Po-jui.

Elfu mbili na mia nane, ikapita. Mia tisa, ikapita. Elfu tatu... Mimi sijawahi kuona kadi ya aina ile ikifika elfu tatu. Nikaangalia joto, nikitegemea themanini.

Hamsini na nane.

Nikaongeza kasi. Arobaini na moja.

Kila kadi ikibanwa hutoa sauti, mlio mwembamba kama wa mbu. Hii haikulia hivyo. Ilivuma, ikapanda, ikashuka, ikarudi mwanzo. Kama mtu anayeimba mdomo ukiwa umefumbwa, anaosha vyombo, hana haraka.

Halafu harufu. Si plastiki inayoungua. Udi.

“Mama anafukiza?”

“Hapana,” Chieh akanong'ona.

Elfu tatu na mia mbili. Joto, nyuzi kumi na tisa.

Chumba kilikuwa na ishirini na saba. Kitu kinachopozwa kwa feni hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayokipuliza. Hilo halihitaji imani, linahitaji kidato cha pili. Kwa hiyo sikuogopa. Nilikasirika.

“Umechezea kipimo, Chieh. Unataka kuniuzia takataka?”

“Basi iguse.”

Nikaigusa. Chuma kilikuwa na umande.

Nikazima umeme.

“Ifungue,” akasema.

Sasa, hakuna mtu wa mchezo wetu anayenunua kadi iliyotumika bila kuifungua. Unatoa skrubu nne, unainua kipoza joto, unafuta krimu kuukuu ya kupitisha joto, unapaka mpya. Hatuwezi kujizuia. Kwa kawaida mimi na Chieh hugombania bisibisi. Jioni ile aliniwekea mkononi, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

“Mbona umesimama huko?”

“Mikono yangu ina mafuta. Fungua wewe.”

Skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ilitoka yenyewe, kabla sijaigusa vizuri.

Nikainua kipoza joto. Hapakuwa na krimu.

Palikuwa na karatasi nyekundu.

Imekunjwa mara nne, imekaa juu ya chipu, baridi kama samaki. Kadi yenye karatasi badala ya krimu haimalizi dakika moja. Nilikuwa bado nawaza hivyo, kihandisi kabisa, na huku vidole vyangu vimekwisha kuiokota na kuikunjua.

Nywele fupi za mwanamume. Kucha tatu.

Kila mtoto wa mji huu ameonywa. Bahasha nyekundu barabarani, usiiokote. Ndani yake mna nywele za msichana aliyekufa kabla ya kuolewa, na ndugu zake wamejificha nyuma ya mti wanasubiri. Mwanamume akiiokota, amekubali kumwoa. Kuokota ndiko kuitikia. Lakini hayo hufanyiwa wanaume, na hufanyika barabarani. Nani angenionya kuhusu kadi ya picha?

Karatasi ilikuwa na mistari miwili ya wino. Wa kwanza: Po-jui, mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa.

Wa pili ulikuwa wangu.

Na saa yangu ilikuwemo. Saa yangu ya kuzaliwa haimo kwenye kitambulisho chochote. Nilimwambia mtu mmoja tu, tulipokuwa mwaka wa pili chuoni, tukaenda kwa mpiga ramli ili tumcheke.

“Chieh.”

Nikamnyooshea karatasi.

“Huu ni mwandiko wako.”

“Kaka anamjia mama kila usiku, Ling. Anasema aliko kuna baridi, hana mtu. Na mama ameapa siolewi mimi kabla ya mkubwa wangu. Mchumba wangu amesubiri miaka mitatu. Mitatu!”

“Kwa hiyo ukanitoa mimi.”

“Lakini wewe huyaamini haya!” Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alisema kwa haraka, kama mtu aliyelipanga neno hilo muda mrefu. “Siku zote unasema ni upuuzi. Nikaona... wewe hutaumia.”

Mama yake akaingia. Alibeba sinia lenye vikombe vidogo vya chai tamu. Kwetu, siku ya posa, bibi harusi ndiye huwapa wakwe chai. Wakishaipokea, mambo yamekwisha.

“Mkwe wangu,” alisema kwa upole mno, “tupe chai.”

“Mama, sitoi chai yoyote.”

Akaliachia sinia.

Mtu anapoacha sinia mbele yako, na mtu mwenyewe ni mzee, mikono hainaga mjadala. Nililidaka. Nikainama niliweke sakafuni, na kabla halijafika chini Chieh alinyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa.

“Asante,” akasema. Hakuniangalia.

Mezani kadi ilikuwa vipande viwili, haina waya hata mmoja.

Ikavuma.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka kuwa barabarani, mikono mitupu.

Wiki sita zilipita. Chieh hakunipigia, nami sikumpigia. Kisha ukaja mwaliko wa harusi yake. Juu ya bahasha waliandika: *Kaka Po-jui na mkewe.* Nikajibu kwa herufi kubwa: SIHUDHURII. Nikaipeleka posta mwenyewe.

Juzi msichana wa ukumbini alinipigia simu.

“Dada, nahakikisha tu. Meza ya familia, watu wawili?”

“Nimeshakataa.”

“Aa... mume wako ndiye aliyethibitisha leo asubuhi. Ameomba akae kushoto kwako. Amesema sikio lako la kulia halisikii vizuri.”

Ni kweli halisikii. Tangu utotoni. Nimelificha kazini, nimelificha kwa kila mwanamume niliyewahi kukaa naye. Ukiacha wazazi wangu, anayejua ni Chieh tu.

Ama amemtafuta mwanamume fulani apige simu ile, akamfundisha la kusema, akaniuza mara ya pili. Ama ni Po-jui.

Naomba iwe ni Po-jui.