Shikamoo, Kochi

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na makochi matano. Wageni waliingia ubavu ubavu, kama kaa. Ukitaka kwenda jikoni ulipanda kochi la kijani, ukashuka la maua, ukamwomba Mungu, ukafika.

Yote ni kazi ya baba yetu, fundi makochi. Alipotengana na mama alihamia nyuma ya karakana yake. Anatupenda sana. Tatizo ni kwamba upendo wake ulikuwa na miguu minne. Kila alipokuja kututembelea, alileta kochi.

"Siji kwa wanangu mikono mitupu," alisema kila mara huku akihema.

"Asante, Fundi," alijibu mama. Tangu watengane alimwita hivyo, kama mteja.

Niliporudi likizo kutoka shule ya bweni, nilimkuta mdogo wangu, Kasuku, mbele ya kochi lililosimamishwa ukutani. Lilikuwa limetundikwa koti la mama.

"Shikamoo, mjomba," alisema kwa adabu.

Kochi halikuitikia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndipo mama akaniambia kwamba Kasuku anahitaji miwani. Darasani haoni ubao, ananakili kwa mwenzake, makosa yakiwemo. Mama alisuka nywele za watu kutwa, lakini kodi na chakula vilimeza kila kitu. Kicheko kikanikauka.

Jumapili baba alikuja kula. Jirani yetu, afisa wa ustawi wa jamii, alikuwepo pia, amebanwa kati ya makochi mawili. Kwa heshima zote nilimwekea baba sahani iliyofunikwa.

"Karibu, mzee. Leo tumepika ulichotuletea."

Akafunua. Ulikuwa mto wa kochi, mwekundu, umepambwa kwa kipande cha limau.

"Wewe Msumari, una wazimu?"

"Omba radhi!" mama alifoka.

Kabla sijafungua mdomo, Kasuku alisogeza pua karibu na sahani. "Mbona baba kapewa nyama kubwa hivyo?"

Hakuna aliyecheka. Baba alimtazama Kasuku, kisha mama.

"Haoni?"

"Nilikwambia anahitaji miwani. Ukaleta la maua."

Baba aliinamisha kichwa. Jirani akajinasua kidogo.

"Fundi, kochi ni zawadi. Zawadi unatoa ukipenda. Matunzo ni haki ya mtoto, na mtoto anakula hata siku usiyokuja."

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Kaeni wawili. Hesabuni chakula, kodi, shule, matibabu. Kila mmoja aseme uwezo wake bila kuficha. Mkubaliane kiasi na tarehe, mwandike, mtie saini. Tuma kwa simu, ili ushahidi ubaki. Mkishindwa kuelewana, njooni ofisini kwetu. Ikibidi, mahakama itaamua."

"Na mwezi ambao wateja wamekauka?"

"Sema mapema, mpange upya. Usijifiche."

"Nikichelewa, nitanyimwa kuwaona?"

"Hapana. Kuwaona wazazi wote wawili nako ni haki ya watoto. Hakununuliwi, wala hakufanywi fimbo." Hapo alimtazama mama. Mama akatazama dari.

Walipatana kabla chai haijapoa. Baba aliyachukua makochi matatu, akayauza, Kasuku akapata miwani. Tangu hapo matunzo huja kwa tarehe yake. Mwezi mmoja kazi ilipungua. Baba alipiga simu mapema, wakapanga upya, akamalizia alipopata kazi.

Likizo iliyofuata alikuja mikono mitupu, kaificha mgongoni kama mwizi wa sukari. Kasuku alimkodolea macho kupitia miwani yake.

"Baba! Kumbe una mvi!"

"Nyingi?"

"Nyingi! Na moja imejificha puani."

Baba alicheka mpaka springi za kochi zikalia.

"Karibu mezani, Baba Kasuku," mama alisema.

Nami, kwa unyenyekevu mkubwa, nilimletea sahani iliyofunikwa. Aliifunua kwa kidole kimoja, kichwa amekirudisha nyuma.

Kilikuwa chakula.