Sauti Iliyosambaa Mapaani

Dorsaf ndiye aliyeiona ile diski ya kuhifadhia data kwanza, lakini mkono wa yule mwanaume ndio uliowahi kuifikia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na soko la Moncef Bey lilikuwa limefurika. Wauza simu za mtumba walinadi kwa sauti zilizokauka, redio zilishindana kupiga kelele, na harufu ya mafuta ya kukaangia mboga na mayai ya kaftaji ilikuwa imeganda hewani. Dorsaf alivaa gauni la buluu alilolikata na kulishona mwenyewe. Kwenye ukosi wake zilikuwa zimesahauliwa pini za kazini.

"Samahani, hiyo ni yangu," alisema.

"Yako? Umeshailipia?" Mwanaume aligeuka. Mikono ya shati lake ilikuwa na vumbi jeupe kama la chokaa, na nyuma ya sikio alikuwa amechomeka kishada cha asumini.

"Nimeitazama tangu pale kwenye kona."

"Kama kutazama ndiko kununua, bibie, basi na mimi asubuhi hii nimeshajinunulia kitu kizuri sana."

Dorsaf hakucheka. Siku nyingine huenda angecheka, lakini siku hiyo hakuwa na cheko.

"Kaka yangu, sina muda wa mzaha. Wiki ijayo wanafuta nyimbo zangu zote."

Tabasamu lilimtoka yule mwanaume. Aliiweka diski mikononi mwake, akauliza taratibu, "Nani anafuta?"

Wakiwa wamesimama katikati ya msukumano, Dorsaf akamweleza. Alikuwa mshonaji wa nguo za maharusi huko mtaa wa Halfauini, mji mkongwe. Kila bibi aliyemsindikiza mjukuu wake kupimwa gauni, Dorsaf alimwomba amwimbie wimbo wa harusi wa zamani, akaurekodi. Miaka yote hiyo alikuwa akiziweka nyimbo hizo kwa kampuni moja kubwa ya ng'ambo, ile ambayo dunia nzima huweka picha zake na sauti zake. Sasa kampuni ilikuwa imemwandikia kwamba akaunti yake inafungwa kwa kuvunja kanuni. Kanuni ipi, haikusema. Aliandika, hakujibiwa. Akaandika tena, ikamjibu mashine.

"Mama yangu yumo mle ndani," alimalizia. "Sauti yake, nasema. Mwenyewe tulimzika majira ya baridi."

"Mungu amrehemu. Mimi naitwa Skander. Natengeneza meno ya bandia, hili vumbi unaloliona ni la plasta. Na nina jambo la kukuonyesha, ila haliko hapa. Liko juu ya mapaa."

Siku iliyofuata Skander alifika Halfauini na antena kwapani. Mehrez, kaka yake Dorsaf, alimshikia ngazi huku amekunja uso. Kutoka paani mji mkongwe wote ulionekana: mapaa meupe yamebanana, nguo zimeanikwa, minara, paka. Skander alimwonyesha kwa kidole huku na kule. Antena moja paani kwa mwoka mikate, nyingine kwa mjane wa karani, nyingine juu ya bafu la umma.

"Kwa antena hizi kila nyumba inashikana mkono na nyumba jirani," alisema. "Ukiweka wimbo wako hapa, anayeupenda anachukua nakala na kuiweka kwake. Mwingine anachukua kwa yule. Hata nyumba yako ikizimika, wimbo upo. Hakuna mlango mkuu ambapo mtu anaweza kukaa na kusema wewe ingia, wewe toka."

"Na mwenye mtandao ni nani?"

"Hakuna."

"Hakuna? Sasa mimi nikikasirika nimpigie nani simu?"

"Nipigie mimi," alisema Skander. "Hata usipokasirika."

Mehrez alikohoa kule chini.

Simu zilianza jioni ileile. Mwanzo zilikuwa za kazi, nyimbo zinavyopakuliwa kutoka kwa kampuni, zipi zimekwama. Kisha zikawa za kuulizana umekula nini. Kisha zikawa hazina sababu.

"Umelala, uhai wangu?"

"Ningekuwa nimelala ningepokea?"

"Nilitaka kusikia tu unavyonikemea."

Siku ya kufungiwa ilipokaribia, mtandao wa kampuni ulikuwa ukikatika kila mara, na Dorsaf alikuwa na mabibi harusi wawili wanaodai magauni yao. Alimkabidhi Skander neno lake la siri pamoja na ile diski.

"Chukua yote," alimwambia. "Usichague, usiache hata moja. Yote, Skander."

Akachukua yote. Akayaweka mapaani.

Kampuni ilipoifunga akaunti, Dorsaf alikaa ameshika simu akingoja uchungu uje. Haukuja. Dirishani kwa jirani ilisikika sauti ya mama yake, mwimbaji wa harusi ambaye mtaa ulimwita kwa heshima Lella Manubia, ikiongoza wimbo wa kumtoa bibi harusi, nzito na yenye kiburi kama alivyokuwa mwenyewe. Mwoka mikate aliusikiliza alfajiri akikanda unga. Wazee wa kike waliokuwa wameshasahau maneno walianza kuimba tena. Dorsaf alilia kwa furaha, kisha akampigia Skander, wakausikiliza wimbo pamoja kwenye simu.

Majira ya kiangazi yalipoingia, Skander alimpeleka matembezini kwenye bustani ya Belvedere. Alivaa shati jipya lisilo na vumbi. "Namleta mama yangu kwenu kuposa," alisema. "Mwambie Mehrez akunjue uso walau siku hiyo."

Pigo lilitua katika nyumba ya watu, mbele za watu.

Dorsaf alikuwa amepeleka gauni kwa bibi harusi wa Bab Suika, jioni ya kupakwa hina. Ua ulijaa wanawake, sinia za makrudh, vile vitamu vya tende, zilipita, na wasichana walikuwa wamefungulia spika nyimbo za mapaani, moja baada ya nyingine. Ukaanza mwingine. Sauti ilikuwa nyembamba, imepasuka. Ilianza ubeti, ikapotea njia, ikaanza tena. Kisha ikaacha kuimba. "We nani?" iliuliza. "Mbona unanivua? Nifunike! Watu wananiona, nifunike!" Ikaanza kulia kama mtoto.

Msichana mmoja alicheka, akidhani ni mchezo wa kuigiza. Wanawake watu wazima waliitambua sauti ile, wakainamisha macho. Dorsaf alisimama pale na gauni la watu mikononi. Alikuwa amemrekodi mama mwezi wake wa mwisho, akili ikiwa imeshachanganyika, siku alipong'ang'ania kuimba. Kisha akamvua ili amwogeshe, akaenda kuchota maji na kuiacha simu inaendelea. Hakuwahi kuisikiliza. Mama yake hakuwa mtu wa kufungua mlango kabla ya kupaka wanja, hata kama aliyebisha hodi ni mwanawe.

Alipiga simu akiwa bado uchochoroni.

"Skander, ifute."

"Nini, kipenzi?"

"Ya mama. Ya mwisho. Ifute sasa hivi, kila mahali!"

Alimsikia akihangaika na kompyuta, kisha akasema, "Dorsaf, sikuisikiliza, wallahi. Sikujua kama imo. Kwangu nimeifuta. Kwako nitaifuta. Lakini iliyo majumbani mwa watu, kila mtu ana yake. Mimi sina ufunguo wa nyumba ya mtu."

"Wewe ndiye uliyejenga!"

"Ndiyo. Na tulijenga hivyo makusudi, asiwepo wa kufuta cha mwenzake."

"Basi una tofauti gani na wale? Wao walinifungia mlango nikiwa nje. Wewe umewafungulia watu mlango mama yangu akiwa uchi."

Skander hakusema neno moja la kujitetea, na Dorsaf akakichukua kimya kile kuwa ni kukiri.

"Usimlete mama yako," alisema, akakata.

Mehrez alipanda paani na kuing'oa antena kwa mikono yake. Alishuka nayo, akaiegemeza ukutani, akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso. Dada yake hakuwahi kumwona akilia, hata makaburini.

Skander alipiga, hakupokelewa. Kisha akaacha kupiga, na hilo likamuuma Dorsaf kuliko simu zenyewe. Alishona hadi vidole vikavimba. Usiku aliikumbuka sauti, si ya mama tena bali yake mwenyewe: *Usichague, usiache hata moja.* Aliifukuza. Ikarudi. Hata hivyo hakuinua simu. Kiburi alikuwa amekirithi kwa mama yake, pamoja na nyusi.

Aliyemfungua macho ni mama wa bibi harusi wa Bab Suika, alipokuja kulipia gauni.

"Yule mchumba wako alikuja kwangu," alisema.

"Sina mchumba, Lella."

"Sawa, yule asiye mchumba wako. Alibisha hodi na kofia mkononi, akaniambia, kuna sauti nimeiweka mtandaoni kimakosa, kosa ni langu, si la mwingine, naomba uifute kwa heshima ya marehemu. Nikaifuta mbele yake. Wasichana wangu wanakuomba radhi. Hata kwa dada yangu wa Bab Saadun alipita. Anapita mlango kwa mlango, mwanangu. Huko kwingine wanamtukana."

Dorsaf aliweka mkasi chini. Alitoka na gauni la kazini, kichwa hakijafunikwa sawasawa.

Alimkuta kwenye kichochoro nyuma ya msikiti, amesimama mbele ya mlango wa kijani, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Mwanaume mmoja alikuwa akimfokea kutoka dirishani kwamba hafundishwi na mtu la kufanya kwa kompyuta yake mwenyewe. Skander alisubiri amalize.

"Ni kweli, ni yako," alisema. "Ndiyo maana naomba."

Dirisha lilifungwa kwa kishindo. Alipogeuka alimwona Dorsaf. Wakatazamana.

"Nilikuambia uchukue yote," Dorsaf alisema.

"Nakumbuka."

"Mbona hukusema? Siku ile kwenye simu, mbona hukunirudishia maneno yangu?"

"Ulikuwa umebeba ya kutosha. Halafu, na mimi nilipaswa kuuliza. Mtu anayepokea vitu vya marehemu huuliza." Alishusha pumzi. "Nilikuwa nafurahia mno mapaa yangu."

Dorsaf alitaka kumshika mkono, hakuthubutu. "Wapi panafuata?"

"Kwa Lella Beya. Amekwisha kunikatalia. Alinifukuza kwa ufagio."

Dorsaf alilijua jina hilo. Beya alikuwa mpiga ngoma ya darbuka wa mama yake hadi walipogombana kwenye harusi ya watu kuhusu nani atangulie kuingia. Tangu hapo hawakusalimiana. Hata siku ya mazishi Beya aliishia mdomoni mwa kichochoro, akageuka.

Mlango ulifunguliwa kabla hawajabisha hodi mara ya pili. Lella Beya alikuwa mfupi, safsari, lile shuka jeupe la wanawake, imefungwa kiunoni.

"Tena wewe! Na leo umeleta jeshi?" Kisha akamtambua binti wa Manubia, akalegea. "Ingia, mwanangu. Na huyo aingie, asije akasimama nje kama mdai kodi."

"Lella, nimekuja kuomba mwenyewe. Mama yangu alikuwa mtu wa heshima. Hakutaka kuonwa vile."

"Nani anamwona? Mimi nimeshawaogesha wafu wangu wangapi, nishtuke na mgonjwa?" Bibi alikaa kwenye mkeka. "Wewe uliisikiliza hadi mwisho?"

Dorsaf alitikisa kichwa.

Lella Beya alibonyeza simu yake kwa kidole cha shahada, akisogeza mbele, kilio kikapita, maji yakamwagika kwenye beseni. Kisha, nyuma ya mlio wa maji, ikaja sauti ya Lella Manubia, tulivu, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili: "Beya. Beya, dada yangu, uko wapi? Wanatungoja. Lete ngoma yako, mimi bila wewe siingii." Alingoja jibu. Akaita tena, mara nyingi. Hapo maji yaliacha kumwagika na sauti ya Dorsaf mwenyewe ikasema, "Mama, tulia sasa," rekodi ikakatika.

"Aliniita," alisema bibi. "Na mimi nilikuwa hapa nimenuna. Sasa niambie nifute."

Dorsaf alilala kifudifudi kwenye mapaja ya yule bibi, akalia kilio alichokuwa hajakilia tangu majira ya baridi. Skander aliangalia ukutani.

Baadaye Lella Beya alijifuta macho kwa ncha ya safsari, akamwambia Skander, "Wewe, mwenye waya. Nikiwa nayo hapa, inatoka kwenda kwa wengine?"

"Ndiyo, Lella. Ila ukiukata waya wa paani haitoki. Na wewe hutapata nyimbo mpya."

"Nina huu." Aliinuka akishika ukuta, akaufuata waya hadi ulipoingilia dirishani, akauchomoa kwa mkono wake mwenyewe. "Haitoki tena. Itabaki kati yangu na yeye. Yaridhisha, mwanangu?"

"Yaridhisha, Lella," alisema Dorsaf. Akambusu kichwani.

Nje jua lilikuwa limepanda na uchochoro umejaa wanawake wanaorudi sokoni na vikapu vyao. Dorsaf alifunga kitambaa chake upya.

"Hatutazimaliza nakala zote, sivyo?" aliuliza.

"Hapana. Wapo walioichukua wakahama mji. Wapo wasionifungulia." Skander hakumdanganya. "Mahali fulani itabaki."

Alitafakari hilo wakitembea. Liliuma, na alijua litaendelea kuuma.

"Mlete mama yako Ijumaa," alisema. "Nitaongea na Mehrez. Atakupa maneno makali, uyavumilie."

Skander alisimama. Alitafuta mzaha, akaukosa. "Una hakika, Dorsaf?"

"Sina hakika na mapaa yako. Na wewe, ninayo." Alimshika mkono mchana kweupe, mbele ya vikapu vyote vile. "Twende kwa yule wa mlango wa kijani. Safari hii nitaomba mimi."